Firigisi ya Baba

Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya, kuku hagawanywi ovyo. Mgeni wa heshima akifika na jogoo akachinjwa, kila kipande huwa na mwenyewe hata kabla ya sufuria kuinjikwa. Firigisi, ambayo Waluhya huiita imondo, ni ya mwenye nyumba au ya mgeni huyo. Watoto hungojea shingo, miguu na mchuzi. Hapo zamani akina mama hawakuruhusiwa hata kuonja kuku wala yai, ingawa wao ndio waliofuga na wao ndio waliopika.

Siidharau desturi hiyo. Kuku ana firigisi moja tu, na kumwandalia mzee kipande hicho kulikuwa njia ya kumwambia, pasipo hotuba, kwamba anathaminiwa. Lakini katika nyumba kadhaa nizijuazo, heshima imegeuka kuwa kisingizio cha uchoyo. Baba huletewa firigisi, kisha paja, kisha kidari, nao watoto wamekaa kimya wakimtazama akitafuna.

Nyumbani kwangu firigisi hukatwa vipande vinne, na watoto wangu watatu hupata vyao kabla yangu. Baba yangu mdogo alipotutembelea akaliona jambo hilo, aliguna na kuniuliza, "Sasa mwanangu, watakuheshimu kwa kitu gani?" Nilimjibu kwa adabu kwamba mtoto hukikumbuka alichopewa kwa mkono wa baba yake kuliko alichonyimwa. Hakuridhika, na hadi leo hajaridhika.

Lililo zito zaidi ni yai. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba mtoto alaye mayai atakuwa mwizi. Nadhani waliotunga maneno hayo walikuwa wakivilinda vifaranga vya kesho, na kwa hilo siwalaumu. Hata hivyo, yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na mwili unaokua hauna subira ya kungoja vifaranga. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu uliofanywa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini Kenya wamedumaa. Umaskini na maradhi vina sehemu kubwa katika hali hiyo, hapana shaka. Lakini je, tuseme nini juu ya boma lenye kuku kumi watagao, ambamo mayai yote huenda sokoni ili kununua sukari na mkate mweupe?

Tena kuna sisi wanaume wa mjini, ambao hatuna hata mwiko wa kujificha nyuma yake. Jumamosi jioni utatukuta tumeizunguka meza ya nyama choma, kachumbari pembeni, huku nyumbani watoto wakila ugali kwa sukuma wiki na kulala. Baba hurudi usiku akinukia moshi na mafuta, naye mtoto asiyelala huijua harufu ile vizuri sana. Si lazima mtu aache kwenda. Mwenye bucha huwa tayari kumfungia mteja robo kilo katika karatasi, nayo hubebeka ndani ya mfuko wa koti, mradi tu aliyeibeba afike nyumbani kabla watoto hawajalala.