MJUE SAMAKI WAKO (2): Toka matumbawe hadi beseni la Lushebere

Wiki iliyopita tulimfuata mzamiaji kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi. Tuliona anavyomtambua samaki-simba: miiba 13 ya sumu mgongoni, na mapezi ya ubavuni yaliyotanuka kama mbawa za kuku anayefunika vifaranga. Hatangulizi rangi, kwani majini rangi hudanganya. Hutazama umbo, kisha mapezi, kisha makazi.

Kanuni hiyo inatufaa hata huku milimani Masisi, ambako samaki wa Ziwa Kivu hutufikia kwa barabara ya Sake. Chagua wawili kwenye beseni la muuzaji sokoni Lushebere, uwaweke kiganjani.

Wa kwanza ni sambaza: mwembamba, mweupe wa fedha, pezi la mgongoni fupi lisilo na mwiba. Pitisha kidole tumboni kuelekea kichwani. Utahisi ukingo unaokwaruza kama msumeno.

Wa pili ni yule ambaye watu wa Ziwa Victoria humwita furu. Pezi lake la mgongoni ni refu, na sehemu ya mbele ina miiba. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, mfano wa mayai. Jike huatamia mayai kinywani. Akijaribu kuyaokota madoa hayo, hupokea mbegu za dume.

Furu ni mwenyeji wa Kivu. Sambaza aliletwa toka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, maana katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vidudu vinavyoelea. Leo huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti. Amelisha watu wengi, lakini baada ya kuja kwake baadhi ya vidudu vile vilitoweka.

Samaki-simba naye alihamishwa na watu. Mwaka 1985 alionekana Florida, Marekani. Sasa anamaliza samaki wachanga kwenye matumbawe ya Karibea. Kwao Mafia na Mombasa ni jirani kama wengine.

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaochimba mabwawa ya samaki Masisi: kabla ya kumwaga vifaranga, ulizeni ni samaki gani na ametoka maji gani. Siku mvua itakapobomoa ukingo ataingia mtoni, na hakuna wavu utakaomrudisha.

Wiki ijayo: tilapia wa mabwawani.