Muziki usio na mwimbaji: Kamina iliwahi kushangaza masikio ya dunia

Mtu aliyelelewa na rumba anajua wimbo unavyokwenda: mwimbaji anaanza, gitaa linajibu, kisha sebene linainua watu vitini. Siku anapotumiwa kwenye telefone muziki wa dakika 20 wenye mlio unaopanda na kushuka polepole, bila sauti ya mtu wala ngoma, swali lake la kwanza ni: wimbo unaanza lini?

Kumbe ulishaanza. Muziki huo unaitwa ambienti. Mwingereza Brian Eno ndiye aliyelieneza jina hilo, alipotoa mwaka 1978 albamu iliyokusudiwa viwanja vya ndege. Hauombi mtu acheze wala ashike maneno. Unajaza chumba kama mvua inavyojaza usiku. Ndugu yake ni muziki wa majaribio, ambamo mwanamuziki anafuata sauti bila kujua mapema itamfikisha wapi.

Kwa wakaaji wa Kamina, majaribio ya namna hiyo si mageni. Tarehe 23 mwezi wa tatu 1958, katika misheni ya Kikatoliki mjini humu, Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amekusanya wavulana wa shule na walimu wao katika kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin. Maneno yalikuwa ya misa ya Kilatini, lakini mitindo ilitoka Katanga na Kasai. Kyrie ilifuata kasala, ambayo Waluba huimba pia penye kilio. Hakuna aliyeshika karatasi ya noti. Waliitunga pamoja kwa kuimba.

Wakati ule ngoma ndani ya misa haikuwa kawaida. Hata hivyo, mwaka huohuo kundi liliimba Ulaya, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza If.... Jina la padri linajulikana mbali. Majina ya wavulana waliobuni zile sauti, ni wangapi wanaoyajua?

Majaribio hayakuishia hapo. Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake Konono N°1 waliunganisha likembe na vipaza sauti vya kujitengenezea, wakitumia sumaku za vipuri vya magari. Mlio ulikwaruza. Badala ya kuufuta, waliufanya sehemu ya muziki, na albamu yao Congotronics ya 2004 ikapata wasikilizaji ng'ambo.

Nairobi, marehemu Joseph Kamaru alipendwa kwa nyimbo zake za Kikikuyu. Mjukuu wake mwenye jina hilohilo, anayejiita KMRU, anarekodi sauti za mitaani na kuzigeuza kuwa ambienti. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020.

Anayetaka kujaribu aanze usiku, kelele zikipungua, na kipande kimoja tu. Asingoje sebene. Asikilize kinachobadilika: mlio upi umeingia, upi umeondoka. Asipopenda, hana kosa. Walau atakuwa amesikia kabla ya kukataa.

Tena Kamina ina sauti zake: njia za reli zinazoachana kuelekea Ilebo na Kabalo, soko, kengele, kwaya za jioni. Telefone yoyote inaweza kuzirekodi. Safari hii, anayerekodi aandike pia majina ya wanaosikika.