Dar hadi Moro chini ya saa mbili, je, stesheni hadi Mzinga?

Treni ya umeme ya SGR inamtoa abiria Dar es Salaam na kumfikisha Morogoro chini ya saa mbili. Safari zilianza Juni 14, 2024, kwa nauli ya kawaida ya Sh13,000. Lakini kwa mkazi wa Mzinga, kufika stesheni bado si kufika nyumbani.

Stesheni ipo Kihonda, kaskazini mwa mji. Mzinga iko kusini magharibi, chini ya Milima ya Uluguru, ambako mto wenye jina hilohilo unashuka kwenda Bwawa la Mindu. Ili ufike, lazima uvuke mji.

Mji unatanuka

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya 2022 ilikuta watu 471,409. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 155,000 ndani ya miaka 10, karibu nusu ya waliokuwepo.

Watu wote hao hawawezi kuenea katikati ya mji, hivyo wanajenga pembeni. Huko kiwanja ni nafuu, ila unafuu huo unaliwa kidogo kidogo na nauli.

Piga hesabu

Desemba 2023, LATRA ilitangaza nauli ya daladala ya Sh600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Mwanafunzi analipa Sh200.

Kwa safari moja si pesa nyingi. Shida inakuja pale unapounganisha magari: ukishuka na kupanda jingine, nauli inaanza upya, hata kama safari nzima haijafika kilomita 10.

Anayepanda mbili asubuhi na mbili jioni anatumia Sh2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni Sh62,400 kwa mwezi.

Konda akikatisha ruti, gharama inaongezeka. Leseni ya daladala inataja ruti inakoanzia na inakoishia, kwa hiyo kumshusha abiria njiani ni kosa linaloweza kuripotiwa LATRA.

Boda nayo ni mapatano. Mvua ikinyesha, au usiku ukiingia, mwenye haraka hana nguvu ya kupunguziwa.

Nini kinaweza kusaidia?

Kwanza ni ruti za moja kwa moja kutoka kata za pembeni hadi stesheni, zinazoendana na muda wa treni. Kutoa leseni za ruti ni kazi ya LATRA.

Pili ni barabara za mitaa, ambazo ziko chini ya TARURA. Barabara ikiharibika, daladala zinaikimbia na abiria anabaki na boda.

Kwa sasa, ukipanda treni ya jioni ukiwa na mizigo, tenga na pesa ya kukufikisha nyumbani. Ile Sh13,000 inaishia Kihonda.