Toun: Mji Uliokuwa Shamba

Mgeni afikaye Unguja aghalabu huonyeshwa nyumba ambayo daktari na msafiri Mskoti David Livingstone alikaa mwaka 1866, akijitayarisha kwa safari ambayo hakurudi tena akiwa hai. Na avukapo kwenda Bagamoyo huonyeshwa mnara ambamo maiti yake ililazwa mwaka 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuibeba kutoka bara hadi pwani. Jina la mtu huyo limezoewa midomoni mwetu, na wenye kujua Kiingereza kidogo hulikata vipande viwili wakapata “jiwe lililo hai”. Ni maana tamu, imfaayo sana mhubiri. Walakini si sahihi, kwa sababu katika jina hilo hamna jiwe wala hamna uhai. Mna mtu aliyeitwa Leving, aliyekuwa na ardhi magharibi ya Edinburgh katika karne ya 12, zama za Mfalme David wa Kwanza wa Uskoti, na mna toun yake. Mahali pale pakaitwa toun ya Leving, yaani Livingston. Jina la mahali likawa jina la ukoo. Na baada ya dahari likavaliwa hata na watu wasiokuwa na nasaba yoyote na mahali penyewe, kama jamaa za daktari huyo, ambao asili yao ni kisiwa cha Ulva, wasemaji wa Kigaeli waliokuwa na jina lao jingine kabla ya hilo.

Hiyo toun ndiyo ninayotaka kuieleza. Ni kalima ya Kiskoti cha kale, lugha iliyosemwa nyanda za chini za Uskoti na kuandikiwa sheria za wafalme wake, nduguye Kiingereza kwa baba na mama ila aliyelelewa katika nyumba nyingine. Wataalamu walioikusanyia kamusi maneno ya lugha hiyo mpaka mwaka 1700 walianza kuichapisha mwaka 1931, wakamaliza mwaka 2002, nayo ikajaa majuzuu 12. Na si ajabu, maana maneno yaliyo mepesi kwa sura ndiyo yaliyo mazito kuyafasiri. Mwanafunzi wa Kiingereza akikutana na toun katika hati ya kale atasema mara moja kuwa ni “mji”, afunge kitabu. Kisha ataendelea kusoma kwamba toun fulani ilikuwa na kaya sita, plau moja na kinu cha kusagia nafaka, asijue la kufanya na mji wa namna hiyo.

Asili ya neno ni ua. Wajerumani wamebaki na maana hiyo hiyo mpaka leo, kwani Zaun kwao ni uzio. Waholanzi wameingia ndani ya uzio wakakuta bustani, na tuin kwao ni bustani. Watu wa Iceland wamekuta malisho, na tún kwao ni konde la majani lililo karibu na nyumba, linalotiwa samadi ili ng'ombe wapate chakula cha majira ya baridi. Waingereza wakaenda mbali kuliko wote, wakapanda kutoka uani hadi nyumbani, kutoka nyumbani hadi kijijini, hata wakafika penye soko na mahakama wakasahau walikotoka. Waskoti walipanda ngazi hiyo hiyo, ila hawakuitupa nyuma yao. Hata sauti hawakuibadilisha: Waingereza walipoligeuza neno lao likatamkwa “taun”, Waskoti wakabaki na “tuun” ya mababu, kama walivyobaki na “huus” kwa nyumba.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kulishangaa jambo hili. Neno letu boma limetoka katika ua wa miti na miiba likawa zizi, likawa makao ya mtu na jamaa zake, kisha likawa ofisi ya serikali, hata mtu wa wilayani akisema anakwenda bomani haonekani kuwa anakwenda kukamua ng'ombe. Na mji wenyewe je? Mũciĩ wa Wakikuyu na umuzi wa Wazulu ni nyumbani kwa mtu, si mahali penye taa za barabarani. Na ndugu zetu Wamijikenda hawakuitwa hivyo kwa kuwa walijenga majiji tisa, bali kwa ajili ya zile kaya zao zilizokuwa ndani ya msitu, zenye malango na njia zake.

Sasa tuingie katika toun ya Kiskoti kama ilivyokuwa, tuseme, katika karne ya 16. Nyumba zake zilikuwa chache, za mawe na udongo wa majani, zimeezekwa nyasi, zimetawanyika pasipo barabara. Mwenye ardhi alikaa kwake. Waliokaa hapa walikuwa wapangaji wake, aghalabu kaya nne, sita au nane, walioishika ardhi kwa shirika, na chini yao walikuwapo masikini waliopewa kijisehemu cha kulima kwa malipo ya kazi zao. Plau ilikuwa kubwa na nzito, ya kukokotwa na maksai wanane au zaidi, na kwa kuwa hapakuwa na mpangaji mmoja mwenye maksai wanane, kila mmoja alileta wake. Hata vipimo vya ardhi vikafuata desturi hiyo: fungu la maksai mmoja lilihesabiwa ekari 13 za Kiskoti, ambazo zilizidi za Uingereza kwa kiasi cha robo, na fungu la plau nzima likawa ekari 104. Konde la karibu, lililopata samadi yote, lilipandwa shayiri na oti mwaka baada ya mwaka; konde la mbali lililimwa kwa zamu na kuachwa lipumzike; na nje ya ukuta wa mwisho ilikuwa nyika ya malisho, mali ya wote. Matuta yaligawanywa kwa mchanganyiko, tuta la huyu kando ya tuta la yule, na pengine yakagawanywa upya baada ya muda, ili pasiwe na mtu atakayekula peke yake udongo mwema, wala atakayebaki daima na mawe.

Palipokuwa na kanisa paliitwa kirktoun, palipokuwa na kinu milltoun, palipokuwa na ngome castletoun, na pa wale masikini wasio na mkataba cottoun. Majina haya yangali katika ramani za Uskoti kwa mamia, Kirkton na Milton nyingi zisizo na hesabu, na aghalabu mtu akienda kuangalia huko hakuti ila shamba moja na mbwa. Makatibu walioandika hati kwa Kilatini walilifasiri neno kwa villa, nalo pia lilikuwa shamba kabla Wafaransa hawajaligeuza kuwa mji. Na Wagaeli wa milimani walikuwa na baile yao, yenye kubeba kwa pamoja shamba, kijiji na mji.

Wakati huo huo, neno hilo hilo lilikaa Edinburgh likavaa joho. Baraza lilikuwa la toun, karani alikuwa wa toun, askari waliolinda usiku waliitwa walinzi wa toun; na chuo kilichopewa hati na mfalme mwaka 1582, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Edinburgh, wenyeji walikiita Chuo cha Toun kwa kuwa baraza ndilo lililokisimamia. Basi bwana mmoja angeweza kusema asubuhi kwamba anakwenda toun, akimaanisha mashtaka yake mahakamani, na jioni kwamba anarudi toun, akimaanisha maksai wake, na mtumishi wake asikosee hata mara moja. Mimi naona hapo ndipo penye siri ya neno hili: halikuhesabu nyumba, lilihesabu watu walio ndani ya mpaka mmoja wenye shauri moja.

Kisha mpaka ukavunjwa. Mwaka 1695 bunge la Uskoti lilipitisha sheria za kuruhusu matuta yaliyochanganyika yatenganishwe na nyika za wote zigawanywe, na katika karne iliyofuata wenye ardhi wakazitumia. Mikataba ya shirika ikaisha bila kurejezwa, makonde yakazungushiwa kuta, na palipokuwa na kaya sita akawekwa mkulima mmoja. James Craig alipochora mwaka 1767 ramani ya Toun Mpya ya Edinburgh, yenye njia zilizonyooka na nyumba za kifahari, touns za mashamba zilikuwa zikifutwa huko nje, na wengi wa waliotoka humo wakaishia katika viwanda vya Glasgow na vitongoji vyake. Babu yake Livingstone naye alitoka kisiwani Ulva akafuata kazi kwenye kiwanda cha pamba cha Blantyre, na mjukuu akaingia humo humo akiwa na umri wa miaka 10.

Jina, hata hivyo, halikuondoka na watu. Kaskazini-mashariki, katika nchi ya Aberdeen, shamba la mkulima mmoja liliendelea kuitwa toun, na vijana walioajiriwa kwa miezi sita sita, Mei na Novemba, wakilala chumba kilicho jirani na farasi wao, walitunga nyimbo za kuzitaja touns hizo kwa majina na kuwasimanga mabwana wenye uji mwepesi. Katika nyimbo hizo toun ni zizi, ni ghala, ni bwana mkali na saa kumi na moja ya alfajiri.

Na ile ya Leving? Mwaka 1962 serikali ya Uingereza iliitangaza kuwa mahali pa kujengwa mji mpya, ili kuwapokea watu waliosongamana Glasgow, na leo Livingston ina makumi ya maelfu ya wakazi, maduka makubwa na barabara za mviringo zinazomchosha mgeni. Kijiji cha kale hakikubomolewa. Kimo ndani yake, kimezungukwa.