Kulinda Amri ya Mtambo



Mlinzi wa kiwanda hufundishwa kulinda lango, ua na ghala. Lakini kuna kitu cha nne kisichoonekana kwa macho, nacho ni amri inayouendesha mtambo.

Tuchukue kiwanda cha vinywaji, kama kile cha Brarudi kilichopo Gitega. Katika viwanda vya namna hiyo chupa hupita juu ya ukanda, huoshwa, hujazwa, kisha hufungwa kizibo. Ukubwa wa chupa ukibadilika, mwendo wa kila mashine hauna budi kupangwa upya. Zamani amri hizo zilifungwa katika nyaya na swichi za sumaku, na kubadili kazi kulikuwa ni kufumua nyaya na kuzifunga tena. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitafuta njia iliyo nyepesi zaidi. Dick Morley na wenzake wakaunda Modicon 084, kidhibiti ambacho amri zake huandikwa katika kumbukumbu. Tangu hapo fundi hubadili programu badala ya nyaya. Programu husema: chupa ikifika, fungua vali, mlango wa usalama ukiwa wazi, simamisha ukanda.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kinachobadilishwa upesi na fundi, adui naye aweza kukibadili. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu iitwayo Stuxnet, iliyolenga vidhibiti vya Siemens katika kiwanda cha urani cha Natanz, nchini Iran. Iliweza kuenea kwa flashi. Ilivuruga mwendo wa mitambo izungukayo kwa kasi, huku ikiwaonyesha wasimamizi kwamba mambo ni shwari. Hapakupigwa risasi hata moja.

Katika vituo vya kuoshea kahawa vya Muyinga, mkono wa mtu huchagua punje mezani, na mtu aweza kuuliza aonapo kosa. Askari naye huitambua amri halali kwa cheo cha mtoaji wake. Mtambo hauulizi, humtii yeyote aliyeufikia.

Kwa hiyo, ijulikane ni nani aruhusiwaye kubadili programu. Kila badiliko liandikwe daftarini, na nakala safi ifungiwe kabatini. Naye akaguaye magunia langoni, aikague na flashi iliyomo mfukoni.