Sura ya 7: Ask na Nduguze

Kwa Kiswahili, anayetaka habari huuliza na anayetaka kitu huomba. Kiingereza kimezitwika kazi zote mbili kitenzi kimoja kifupi, ask, kisha kikakiachia kineno for kuzitenganisha. I asked her the price: nilimuuliza bei. I asked her for the book: nilimwomba kitabu. Mwanafunzi anayesahau for na kuandika I asked her the book anamwacha msomaji akijiuliza kitabu kimeulizwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sarufi hulipita haraka. Mwingereza mwenye kiu hasemi I ask for water. Husema Could I have some water, please? Ask ameiweka akiba ya kusimulia baadaye: She asked for water. Sisi tukisema “Naomba maji” tumemaliza; adabu imo ndani ya kitenzi. Kwa Kiingereza adabu imehamia kwenye could, kwenye please, na kwenye umbo la swali linalomwachia mwenye maji hiari ya kukataa, hata kama wote wawili wanajua hatakataa. Ndiyo maana anayetafsiri “naomba” kuwa I beg hujikuta amepiga magoti bila kukusudia. Beg ni ya aliyeishiwa. Heshima imeibakia katika misemo iliyoganda tu, kama I beg your pardon, nayo ikitamkwa kwa ukali huwa karipio.

Hiari hiyo ya kukataa ndiyo nitakayowapimia nduguze ask, kwa sababu kamusi huwaeleza kana kwamba wote ni wamoja. Peter Mark Roget, daktari aliyechapisha Thesaurus yake mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa jamaa za maana, lakini hakueleza lipi linauma. Zaidi ya nusu karne kabla yake, mwaka 1794, Hester Lynch Piozzi, mzaliwa wa Wales aliyeolewa na mwanamuziki wa Kiitaliano, alikuwa ametoa British Synonymy akiwafikiria wageni wanaojifunza Kiingereza. Mimi namwona Piozzi kuwa mwalimu bora kwetu: mgeni hakosi maneno, hukosa kujua lipi la wapi.

Ask yenyewe ni ya wenyeji, ilikuwepo kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Iliandikwa ascian na pia acsian, kwa hiyo matamshi ya aks yanayosikika leo kwa Wamarekani weusi wengi, watu wa Karibi na vijana wa London si uharibifu wa juzi. Mshairi Chaucer, katika karne ya 14, aliliandika kwa x. Mwalimu anayemcheka mtoto kwa aks anamcheka Chaucer pia.

Question ilipitia Kifaransa, lugha ya mabwana wapya. Interrogate ilichotwa moja kwa moja kutoka Kilatini na wasomi. Hapo ndipo ngazi ilipojengeka. The police asked him where he had been: walimuuliza, pengine barabarani tu. Questioned him: walimhoji, wanamshuku, ingawa huenda wasimshtaki kamwe. Interrogated him: mlango umefungwa, na kunyamaza kwake kutatiliwa shaka. Swali linaweza kuwa lile lile katika ngazi zote tatu. Nasi tunayo ngazi inayofanana kidogo, kwani kuuliza ni la Kibantu na kusaili limetoka Kiarabu, ila usaili wa kazi hauogopeshi kama interrogation.

Demand ndiyo yenye mtego mkubwa, hasa kwa ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura waliosomea Kifaransa. Demander ya Kifaransa ni kuuliza au kuomba kwa kawaida kabisa. Demand ya Kiingereza ni kudai. Anayeingia ofisini akisema I demand a form amekusudia kuomba fomu, na karani amesikia vita. Barua ambayo mawakili wetu huiita demand letter huja kabla ya kesi, wala si kwa bahati. Tena demand haimshiki mtu: haisemwi I demanded him to pay, husemwa I demanded that he pay.

Request imevaa tai. Mahali pake ni barua, tangazo la uwanja wa ndege, hati ya bunge. Maofisini kwetu imezoeleka I request for a meeting, kwa kuigiza ask for, lakini Kiingereza sanifu huipa for nomino peke yake: a request for a meeting, bali I request a meeting. Ukimwambia rafiki I request your pen, atadhani mmegombana.

Enquire hukaa dirishani, palipo na kibao cha maulizo. Waingereza wengi huiandika kwa e wanapomaanisha kuuliza tu, na kwa i, inquire, wanapomaanisha uchunguzi rasmi. Wamarekani huandika i kotekote.

Inabaki ask after, isiyotaka jibu refu wala kitu chochote. She asked after you: alikuulizia. Kiswahili kimeimaliza kazi hiyo kwa kubadili mwisho wa kitenzi, na wanafunzi wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani after ni “baada”, wakasubiri sentensi iendelee.