Joto Hutoka Wapi? Mimenyuko Inayotoa Joto na Inayofyonza Joto

Wanafunzi wengi hutaja kwa urahisi mifano ya mimenyuko inayotoa joto. Wakiulizwa joto hilo lilikuwa wapi kabla kuni hazijawashwa, hukwama. Tutalijibu swali hilo kwa mifano ya nyanda za juu za Kigoma, ambako kaya nyingi hupikia kuni na mkaa, kuanzia vijiji vya Kibondo na Kasulu hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Pale ambapo kuni hutafutwa mbali, kila kipande kina thamani, na kemia inaweza kukuonyesha kinapotelea wapi.

1. Maana

Mmenyuko unaotoa joto hupeleka nishati kwenye mazingira yake, na jotoridi la mazingira hupanda. Badiliko la entalpi (ΔH) ni hasi. Mifano ni kuungua kwa kuni na upumuaji wa seli.

Mmenyuko unaofyonza joto huchukua nishati kutoka kwenye mazingira. ΔH ni chanya. Mifano ni usanisinuru na kuchoma mawe ya chokaa.

2. Kanuni ya bondi

Shika sentensi hii: kuvunja bondi hufyonza nishati, kuunda bondi hutoa nishati. Kila mmenyuko hufanya yote mawili. Kinachoamua ni upande upi umezidi.

ΔH = nishati ya kuvunja bondi − nishati inayotolewa bondi zikiundwa

Mfano: Kokotoa ΔH ya kuungua kwa methani, gesi kuu katika biogesi ya kinyesi cha ng'ombe.

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Nishati za bondi (kJ/mol): C–H 413; O=O 498; C=O 803; O–H 463.

Kuvunja: (4 × 413) + (2 × 498) = 1652 + 996 = 2648 kJ
Kuunda: (2 × 803) + (4 × 463) = 1606 + 1852 = 3458 kJ
ΔH = 2648 − 3458 = −810 kJ/mol

Jibu ni hasi, kwa hiyo joto limetolewa. Joto hilo halikuwa limejificha ndani ya methani peke yake. Limetokana na tofauti kati ya bondi za zamani na bondi mpya zilizo imara zaidi.

Kosa la kawaida: "Kuni huhitaji kiberiti, kwa hiyo kuungua hufyonza joto." Si kweli. Kiberiti hutoa nishati ya kuanzishia tu, yaani ile ya kuvunja bondi za mwanzo. Baada ya hapo moto hujiendesha wenyewe.

3. Kuni mbichi na jiko la mkaa

Kilo 1 ya kuni zilizokauka kabisa hutoa takribani kJ 18,000 zikiungua. Sasa chukua kilo 1 ya kuni mbichi zenye gramu 400 za maji. Kwanza, sehemu inayoungua imebaki gramu 600 tu. Pili, maji yale lazima yapashwe kutoka 20°C hadi 100°C, kisha yageuzwe mvuke:

Kupasha: 0.4 × 4.2 × 80 ≈ kJ 134
Kugeuza mvuke: 0.4 × 2260 = kJ 904
Jumla ≈ kJ 1,038

Kiasi hicho kingetosha kupasha lita 3 za maji kutoka 20°C hadi kuchemka. Tatu, moto uliopoa kwa sababu ya mvuke hauunguzi gesi zote za kuni. Zinazobaki hutoka kama moshi, nao ni nishati iliyopotea. Ndiyo maana kuni hupasuliwa na kuanikwa kabla ya kutumika.

Hewa nayo ina nafasi yake. Linganisha:

C + O₂ → CO₂, ΔH = −394 kJ/mol
C + ½O₂ → CO, ΔH = −111 kJ/mol

Hewa ikiwa haba, kaboni hutoa chini ya theluthi moja ya joto lake, na gesi inayozaliwa, kaboni monoksaidi, ni sumu isiyo na rangi wala harufu. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi kali. Mkaa usiotoa moshi bado huua.

4. Chokaa: kwenda na kurudi

CaCO₃ → CaO + CO₂, ΔH = +178 kJ/mol
CaO + H₂O → Ca(OH)₂, ΔH = −65 kJ/mol

Tanuri la chokaa lazima lichochewe muda wote, maana mmenyuko wa kwanza hufyonza joto. Wa pili hutoa joto hadi maji huweza kuchemka. Anayezima chokaa huitia kwenye maji kidogo kidogo, huku akikinga macho na ngozi.

5. Usichanganye

Uvinza, mkoani Kigoma, chumvi imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 1,000 kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi. Kazi hiyo hufyonza joto jingi, lakini hakuna kitu kipya kinachoundwa: maji huwa mvuke, chumvi hubaki. Hilo ni badiliko la kifizikia, si mmenyuko wa kikemikali.

Jipime

1. Kokotoa ΔH ya H₂ + Cl₂ → 2HCl. Nishati za bondi (kJ/mol): H–H 436, Cl–Cl 242, H–Cl 431.
2. Kwa nini tanuri la chokaa likikosa kuni mmenyuko husimama, ilhali kuni zilizowashwa huendelea kuungua?
3. Toa sababu mbili za kuanika kuni.

Majibu: (1) 678 − 862 = −184 kJ/mol. (2) Kuvunjika kwa CaCO₃ hufyonza joto. Kuungua hutoa joto linalouendeleza mmenyuko. (3) Joto halipotei kugeuza maji kuwa mvuke. Gesi za kuni huungua vizuri zaidi na moshi hupungua.